Konbini za Japani: cha kununua na cha kuacha

Anayehamia Japani, awe mwanafunzi Tsukuba au fundi kiwandani Aichi, mlo wake wa kwanza kwa kawaida hautoki kwenye mgahawa wa sushi. Hutoka konbini, lile duka dogo lenye taa nyeupe ambalo mara nyingi halifungwi usiku wala mchana. Nchi nzima yapo zaidi ya 55,000, na majina matatu ndiyo yanayotawala: 7-Eleven, FamilyMart na Lawson. 7-Eleven asili yake ni Texas na Lawson ni Ohio. Kile kikopo cha maziwa kwenye bango la Lawson ni ukumbusho wa muuza maziwa wa huko. Lakini tangu 7-Eleven ya kwanza ya Japani ilipofunguliwa Toyosu, Tokyo, Mei 1974, Wajapani wamelifanya duka hili kuwa lao kabisa, hadi wakainunua kampuni mama yenyewe.

Hapa linapimwa kwa mahitaji ya mgeni: chakula gani kina thamani ya bei yake, kipi kina mtego, na kaunta ile inaweza kukumalizia shughuli zipi. Kwa wali, chai na huduma, konbini haina mpinzani. Kwa mkate, vitafunwa vya moto na mahitaji ya nyumbani, usiingie kichwakichwa.

Anza na onigiri. Ni tonge la wali lenye pembe tatu, gramu 100 hivi, lina kitoweo kidogo katikati na karatasi ya mwani kwa nje. Zile za kawaida siku hizi ni yeni 150 hadi 200. Bei imepanda pamoja na mchele, ambao mwaka 2025 ulivuka yeni 4,000 kwa mfuko wa kilo 5. Hata hivyo matonge mawili na chupa ya chai humfikisha mtu mchana bila tumbo kulalamika. Mchele wake ni wa punje fupi na unanata. Aliyezoea wali wa kuchambuka punje kwa punje atadhani mpishi ameharibu ukawa bokoboko. Sivyo, bila kunata tonge lingesambaratika mkononi. Na mwani wake, nori, si ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, kwa ajili ya viwanda vya nje. Ni jamii nyingine, hukatwakatwa, hutandazwa mwembamba kama karatasi, hukaushwa na kubanikwa kidogo. Una harufu ya bahari lakini hauna shombo.

Kufungua onigiri kuna utaratibu wake, na nailoni yenyewe imeandikwa namba tatu. Shika tonge, kilele kikiwa juu. Namba 1 ni kiulimi cha utepe hapo kileleni: kivute kushuka chini, kipitishe kwenye kitako cha tonge, kipandishe mgongoni mpaka utepe utoke wote na nailoni igawanyike nusu mbili. Namba 2 ni pembe ya chini ya upande mmoja: lishike tonge kwa vidole vya mkono wa pili bila kulibana, kisha vuta nailoni kwenda pembeni, polepole. Namba 3 ni pembe iliyobaki, vivyo hivyo. Ukifanya sawasawa, mwani unabaki umelizunguka tonge, mkavu, unalia ukiuuma.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu nailoni ina tabaka mbili, na mwani umelala katikati yake bila kugusana na wali mpaka dakika ya kula. Mwani hunyonya unyevu upesi; ukikaa na wali dakika chache hulegea na kuvutika kama ngozi. Wengi hukosea mahali palepale: huacha utepe wa namba 1 nusu njia, nailoni ya mgongoni ikiwa haijakatika, kisha huvuta pembe kwa nguvu. Mwani huchanika, kipande kikabaki kwenye nailoni na wali ukabaki mtupu. Likitokea, usitupe kitu. Ingiza kidole kati ya zile tabaka mbili, toa kipande, kibandike mahali pake. Na ukikuta onigiri ambayo mwani wake tayari umegusana na wali, haijaharibika. Hiyo ni aina ya mwani laini, na wapo wanaoipenda zaidi.

Vitoweo vya kuanzia navyo ni hivi. Samoni, inayoandikwa 鮭, ni samaki wa chumvi aliyechambuliwa na ndiyo isiyomshinda mtu. Tuna ya mayonezi, ツナマヨ, ni jodari laini, na watoto huipenda kuliko zote. Ume, 梅, ni tunda dogo lililotiwa chumvi, chachu kiasi cha kumkumbusha mtu wa Pwani achari ya ndimu. Ukila kidogo kidogo na wali mwingi utaielewa. Kombu, 昆布, ni mwani mnene uliopikwa kwa sosi ya soya na utamu. Okaka, おかか, ni samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa akawa mgumu kama ukuni, kisha akakwanguliwa. Mentaiko, mayai ya samaki yenye pilipili, iache mpaka wiki ya pili.

Onigiri usiiweke kwenye friji. Dukani hukaa kwenye rafu ya nyuzi 20 hivi, si kwenye baridi kali, na sababu ni wanga. Wali ukipoa sana wanga wake hujikaza, punje zikawa ngumu kama za kiporo cha juzi. Ikishakaza, ipashe kwenye maikrowevu ya wati 500 kwa sekunde 20 hadi 30 na wali utarudi kuwa laini, ingawa mwani utalegea. Ukitaka mkavu, utoe kwanza. Hokkaido, kwenye baridi yake, mhudumu mwenyewe hukuuliza kama akupashie onigiri. Tokyo haulizi, ila ukimwomba atakupashia. Tarehe nazo ni za aina mbili: 消費期限 ndiyo mwisho wa kula, nayo kwa onigiri na bento, yaani mlo kamili wa kwenye kikasha, huandikwa hadi saa, 賞味期限 ni mwisho wa ladha nzuri tu, ya vitu vikavu na makopo. Ya kwanza iheshimu.

Sasa mtego mkubwa kwa Waislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe. Ladha ya konbini imejengwa juu ya nguruwe mahali usipomtarajia. Alama ya kukariri kabla hujakariri hata salamu ni 豚. Ndiyo nguruwe. Ukiiona popote kwenye lebo, rudisha. Baada yake jifunze ポーク, neno lilelile kwa herufi za maneno ya kigeni; ラード, mafuta ya nguruwe; ゼラチン, jelatini; na ベーコン na ハム, ambazo huingizwa hata kwenye saladi ya viazi. Pombe ya kupikia huandikwa 酒 au みりん, na ile ya kuhifadhia 酒精. Hizi zimo katika vitoweo vingi, na kila mtu atazipima kwa msimamo wake.

Njia ya haraka ni kuruka orodha ndefu ya viungo na kwenda mwisho wake, kwenye mabano yanayoanza na 一部に. Hapo hutajwa vitu vinavyoweza kumletea mtu mzio: ngano, mayai, maziwa na kadhalika. Lakini kuna tahadhari ambayo wengi huikosa. Sheria ya Japani inalazimisha baadhi tu ya vitu hivyo kutajwa. Nguruwe na jelatini wamo katika kundi la vitu vinavyopendekezwa kutajwa, si vya lazima. Makampuni makubwa kwa kawaida huwataja, ila mabano yasiyo na 豚肉, nyama ya nguruwe, bado si hati ya halali. Halafu kuna 乳化剤, kilainishi cha mikate na keki, na ショートニング, mafuta magumu ya kukandia. Vyote viwili huweza kutoka kwenye mmea au kwenye mnyama, na lebo mara nyingi haisemi.

Kwa hiyo rafu ya mikate ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwa mgeni wa aina hii. Mikate yenyewe ni mizuri: laini, mitamu, haikauki upesi. Melon pan haina tikiti ndani. Imeitwa hivyo kwa sura yake na ule ukoko wenye michirizi. An-pan hujazwa maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari, na aliyefuturu kwa maharage ya nazi yenye sukari hatashangaa hata kidogo. Mkate wa kari huwa na nyama mara nyingi, basi soma kwanza. Yale maandazi meupe ya mvuke kwenye kabati la kioo kaunta wakati wa baridi ndiyo yanayowanasa wengi. Nikuman ni ya nguruwe, hilo linajulikana. Lakini hata an-man, ya maharage matamu, huweza kukandiwa mafuta ya nguruwe, na kwa kuwa inauzwa bila mfuko huna lebo ya kusoma. Iache, au tafuta orodha ya viungo kwenye tovuti ya kampuni.

Kuku wa kukaanga ndiye fahari ya kaunta. Lawson wana Karaage-kun tangu 1986, vipande vitano ndani ya kikasha. FamilyMart wana Famichiki, mnofu mpana usio na mfupa, wenye mafuta yanayotiririka hadi kidoleni. Kwa ladha, Famichiki inashinda. Kwa dini, hakuna hata mmoja anayeuzwa kwa cheti cha halali, na mafuta ya kukaangia huweza kuwa yaleyale yaliyokaangia nguruwe. Tambi za kikombe nazo zisikudanganye kwa picha ya kamba na ngisi: mchuzi wake mara nyingi una ポークエキス, dondoo ya nguruwe. Oden ya majira ya baridi, yaani figili nyeupe, yai, na vipande vya samaki wa kusagwa vinavyochemka taratibu, inavutia kwa macho na pua, ila supu ile hugawana chungu na nyama.

Kinachobaki salama zaidi ni mayai na samaki. Yai la kuchemsha la konbini, ゆでたまご, lina chumvi ndani kabla hujalimenya, na kiini chake hakikukauka kikawa kijivu. Samaki wa kuokwa wa mfuko, samoni au makareli, hupashwa na kuliwa na wali. Angalia tu みりん. Yai zima usilitie kwenye maikrowevu kamwe. Mvuke hukosa pa kutokea nalo hupasuka, mara nyingine likiwa tayari mdomoni.

Chai inastahili aya yake, maana ndipo watu wetu wanapopata mshtuko wa kwanza. Chupa ya kijani ya Oi Ocha haina sukari hata chembe. Ukiinywa ukitarajia chai utadhani ni maji ya majani ya bustani. Inywe pamoja na onigiri ya chumvi, na utaona jinsi inavyosafisha kinywa baada ya kila tonge. Mwenye hamu ya chai ya maziwa achukue Gogo no Kōcha ya Kirin yenye maziwa, ingawa haina tangawizi wala iliki. Wakati wa baridi chupa za vifuniko vya rangi ya chungwa ndizo za moto, ziko kwenye kabati lake la joto. Zinapasha mikono kabla ya koo, na asubuhi za Januari hilo lina thamani yake.

Kahawa ya mashine ni nzuri kuliko bei yake, ila ina adabu zake. Ya moto: lipa kwanza, upewe kikombe, ujitilie. Ya baridi: chukua kikombe cha barafu kwenye friza, lipa, bandua kifuniko, weka kwenye mashine. Ukilipia kikombe kidogo usibonyeze kitufe cha kikubwa. Huko huo ni wizi kamili, na watu wameshakamatwa na polisi kwa tofauti ya yeni chache.

Kwenye kaunta utasikia irasshaimase. Maana yake ni karibu, lakini haiitikiwi. Kwa mtu aliyelelewa kujibu kila salamu hilo ni gumu, basi tikisa kichwa kidogo. Inatosha na inapendeza. Baadaye yanakuja maswali, karibu siku zote yaleyale: fukuro, unataka mfuko? Mifuko ya plastiki hulipiwa tangu Julai 2020, yeni chache tu. Ohashi, unataka vijiti? Atatamemasu ka, nikupashie? Ukikubali sema onegai shimasu. Ukikataa sema daijōbu desu. Neno hili la pili huwachanganya wageni kwa sababu maana yake ni "sawa", lakini hapo linakataa, kama "ahsante" ya mtu aliyekaribishwa chakula na ameshashiba. Pesa, panapo kisahani mbele yako, weka humo, si mkononi mwa mhudumu. Na ukitaka kula hapohapo kwenye viti vya dukani, sema kabla ya kulipa: kodi ya chakula cha kuondoka nacho ni asilimia 8, cha kulia ndani ni 10, hivyo tangu Oktoba 2019.

Akikupashia bento, mashine yake ni ya wati 1500. Ya nyumbani kwako pengine ni ya 500. Lebo huandika muda wa zote mbili, na kosa la kawaida ni kusoma mstari wa dukani, ukapasha sekunde 40 badala ya dakika mbili, ukala wali wenye ubaridi katikati. Kabla ya kupasha bandua vifuko vya sosi vilivyobandikwa juu ya kifuniko. Visipobanduliwa hupasuka.

Chakula ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba konbini ni ofisi. Bili ya umeme, gesi, maji, bima ya afya ya taifa na hata kodi huja nyumbani kwa barua ikiwa na mistari ya kuskani. Mpe mhudumu, gusa kitufe cha kukubali kwenye skrini, lipa. Kwa kawaida ni taslimu tu, kadi hazipokelewi, na kikomo ni yeni 300,000 kwa karatasi moja. Kile kipande anachokigonga muhuri na kukurudishia kitunze. Ndiyo risiti yako. Ukichelewa mpaka tarehe ya mwisho ikapita, mashine huweza kuikataa, na hapo itabidi uombe karatasi nyingine kwa aliyeituma.

Mashine ya kunakili iliyo pembeni hunakili A4 nyeusi kwa yeni chache, huchapa kutoka kwenye simu, na kwa mwenye kadi ya My Number, kile kitambulisho cha mkazi, hutoa hati ya ukaazi bila kwenda manispaa, ikiwa manispaa yake imejiunga. Hufanya kazi hiyo kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tano usiku. Namba ya siri ni ya tarakimu nne. Ukikosea mara tatu kadi hujifunga, na kuifungua kwa kawaida hukubidi uende manispaa kwa miguu yako, basi ukikosea mara mbili simama, rudi nyumbani ukaitafute ulipoiandika. Kutoa pesa kwa kadi ya benki ya nyumbani, nenda 7-Eleven: ATM za Seven Bank hupokea kadi za nje na zina lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Kutuma sanduku zito kwa Yamato, kampuni ya kusafirisha vifurushi, nenda 7-Eleven au FamilyMart. Lawson hufanya kazi na posta.

Tukizipanga, 7-Eleven inaongoza kwa wali, bento na pesa. FamilyMart inaongoza kwa kuku na, ajabu, kwa soksi: zile za pamba zenye mistari ya kijani na buluu, za yeni 400 na kidogo, ni imara na hufaa kuwa zawadi. Lawson inaongoza kwa vitamu vya krimu, na baadhi ya matawi yake hupika wali na bento papo hapo dukani, jambo unaloligundua kwa harufu kabla ya macho.

Lakini usiifanye konbini kuwa jiko lako. Maziwa, mayai ya trei, sabuni, ndizi, mchele: vyote ni ghali kuliko supamaketi ya mtaa huohuo, na chupa ileile ya chai huko huweza kupatikana kwa yeni 100 au chini. Kuku wa halali wa kugandishwa mtafute kwenye supamaketi za Gyomu Super, au maduka ya halali ya Shin-Okubo hapo Tokyo, ambako pia kuna bizari na iliki. Na supamaketi za kawaida, kuanzia kama saa moja au saa mbili usiku, hubandika karatasi za punguzo kwenye samaki na bento za siku hiyo. Kwanza huja asilimia 20 au 30, kisha 半額, nusu bei. Mfanyakazi mwenye bunduki ya stika akianza kuzunguka, utaona watu wamesogea karibu na rafu bila kuonyesha haraka. Simama hapo, mpe nafasi amalize, ndipo uchukue.